Gwaride la Mwandiko

Wazee wenzangu wakikaa pamoja hawachelewi kusifia polisi wa zamani. Eti walikuwa na nidhamu, eti kaptula zao zilipigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama wenyewe, eti hawakujua rushwa. Mimi huwaacha waseme. Pasi nakubali, walipiga. Hayo mengine wakamwambie mtu ambaye hakukaa dirisha la dawa wakati wa vita.

Dirisha hilo lilikuwa kwenye hospitali moja ya huko kwetu Biharamulo, na jina lake siitaji. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, muuguzi msaidizi, kazi yangu kupokea cheti, kuingia stoo na kutoa dawa. Mgonjwa alianzia kwa mganga msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, kwa sababu daktari hasa alikuwa amechukuliwa kwenda kutibu majeruhi. Mganga alimwangalia mtu ulimi, akamwandikia dawa kwenye kipande cha karatasi, akagonga muhuri, na mtu akaniletea mimi. Karatasi zenyewe zilikuwa shida kama kila kitu kingine, kwa hiyo tulikata daftari za shule vipande vinne. Cheti cha kweli na cha uongo vyote vilitoka kwenye daftari moja. Muhuri ulikaa kwenye droo ya mganga, na ufunguo wa droo ulikaa mfukoni mwake. Hilo mtoto wa darasa la pili angelielewa.

Mganga mwenyewe alikuwa mtu mnene wa maneno matamu. Yeye alimwita kila mtu ndugu, na hao ndugu zake ndio aliowauzia dawa zao. Penisilini ya sindano ilitafutwa wakati ule kuliko sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa haionekani madukani. Madereva wa malori waliosimama Lusahunga waliinunua bila kuuliza imetoka wapi. Siku moja akaja dirishani jamaa mzima kabisa, shingo nene, anatafuna muwa, na cheti chake kinasema mgonjwa ni mtoto wa kike wa miaka mitatu, nimonia, penisilini chupa nane. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema amebaki nyumbani. Nikaenda na kile cheti kwa mganga, akakitupia jicho mara moja, akanirudishia.

"Toa tu, dada. Huyo ni mtu wangu."

Mwandiko wa mganga wa kila siku ulikuwa wa kulala, wa harakaharaka, hausomeki mpaka uuzoee. Mwandiko wa vyeti hivi vingine ulikuwa wa herufi kubwa za mviringo, moja baada ya moja, kama za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Nilikuja kumwona mganga siku moja mlango wake ukiwa wazi, anaandika kwa mkono wa kushoto, ulimi umemtoka pembeni kwa kazi nzito ya kujificha. Nikarudi nyuma kwa kunyata.

Dawa nilitoa. Sitawadanganya. Nilitoa mara ya kwanza, nikatoa ya pili, na baadaye nikaacha hata kuuliza. Yeye ndiye aliyeandika ripoti yangu ya mwaka, na mshahara wangu ndio uliokuwa unasomesha wadogo zangu watatu. Nilijiambia kwamba mimi ni mkono tu, na mkono hauulizi.

Kisha likaja lori la jeshi na majeruhi, ofisa akataka penisilini, nikafungua kabati mbele yake na kabati likawa tupu. Yule ofisa alinitazama, akamtazama mganga, akasema atarudi na kwamba akirudi atataka jina la mtu. Lori halijafika hata kwenye kona, mganga huyo kituo cha polisi, bunda la vyeti mkononi, sauti imemkauka kwa uchungu. Alikwenda kulalamika kwamba watu wanaghushi vyeti vyake.

Alikuja sajini na koplo mmoja. Sajini alikuwa na kidaftari kipya mfuko wa kifuani, na sikumbuki hata mara moja kumwona akiandika kitu humo. Alikaa kwenye meza ya mganga, akanywa chai ya mganga, akatia sukari ya mganga vijiko vinne, enzi ambazo sisi wengine tulikuwa tunakunywa chai ya chumvi. Akavipanga vile vyeti mezani kama mtu anayecheza karata. Goti lake lilikuwa linaigusa droo yenye muhuri.

Koplo, ambaye hakuwa mjinga sana, akauliza muhuri umepatikanaje.

"Muhuri unachongwa kwa kandambili," sajini akasema. "Nimeyaona hayo chuoni."

Mganga akaongeza chai. Mimi nilisimama mlangoni na sinia, nikaona kazi ya upelelezi imekwisha kabla haijaanza, maana yule mtu hakuja kutafuta mwizi. Alikuja kutafuta jina la kumpa ofisa wa jeshi, jina lolote ambalo halikumkaribisha chai.

Akainua cheti kimoja kwenye mwanga wa dirisha. "Huu ni mwandiko wa mtu wa kisomo," akasema, na alijisikia raha kweli kulisema.

Majina ya wagonjwa kwenye vyeti vile mengi yalikuwa ya kijiji chetu, upande wa Nyamigogo. Mganga aliyatoa kwenye daftari la wagonjwa. Wakati ule nilidhani ni bahati mbaya tu. Baadaye ndipo akili iliponijia kwamba alikichagua kijiji changu makusudi, ili siku mambo yakiharibika mavumbi yaniangukie mimi. Kwa hilo akili alikuwa nazo.

Sasa niwaeleze kisomo cha kwetu. Tulipohamishiwa kijijini, kila mtu mzima aliandikishwa kisomo cha watu wazima, jioni baada ya shamba, kwenye banda la ofisi ya kijiji. Mwalimu alikuwa mmoja na ubao mmoja. Yeye aliandika herufi, kubwa na za mviringo, na kijiji kizima kikaiga. Hawakujifunza kuandika kila mtu kivyake. Walijifunza kuchora mkono wa mwalimu wao. Ukichukua barua ya mama yangu na ya fundi baiskeli na ya balozi wa nyumba kumi, huwezi kujua ipi ni ya nani mpaka usome jina. Mtu mwenye akili timamu angeona kwamba mwandiko wa kijiji kizima hauwezi kumfunga mtu mmoja. Sajini aliona kwamba ana washukiwa wa kijiji kizima, akafurahi.

Akatangaza gwaride. Gwaride la utambulisho mnalijua, watu wanapangwa mstari na shahidi anamgusa aliyemwona. Hili la kwake lilikuwa gwaride la mwandiko. Mgambo wakawakusanya watu wazima wote mbele ya ofisi ya kijiji, meza ikawekwa, kalamu ikawekwa, na kila mtu aje aandike maneno yatakayosomwa na koplo: penisilini, sindano, chupa nane. Mimi sikuwepo. Nasimulia kama alivyonisimulia mama, na mama hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Habari ilitangulia usiku kucha. Asubuhi watu wakaja wamejitayarisha. Wale waliopewa vyeti vya kisomo mbele ya viongozi wa wilaya, waliopiga vigelegele siku ile na kuvitundika ukutani, walifika mezani wameshika dole gumba tayari. "Afande, sijui kuandika." "Afande, nilienda siku mbili nikaugua macho." Fundi baiskeli, aliyekuwa akiandika bei zake kwa chaki kwenye mlango, akaishika kalamu kichwa chini. Na mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa ameripoti wilayani kwamba kijiji chake kimefuta ujinga wote, akasimama kando ya sajini akisema kwa sauti, "Hapa kwetu, afande, watu wengi bado sana." Sajini akaamini kila neno. Akaona ni kawaida tu kwamba kijiji kizima hakijui kusoma, na alikuwa amekaa chini ya bango lililoandikwa na wanakijiji wenyewe.

Ikafika zamu ya baba.

Baba alikuja amevaa koti. Alikuwa mtu wa kahawa kidogo na mihogo mingi, Msubi wa maneno machache, na Kiswahili alikitumia ofisini na kanisani tu. Kisomo alikuwa amekisomea miaka mitatu bila kukosa jioni moja, hata mvua ya masika ikinyesha. Mama alikuwa amemwambia usiku ule afanye kama wenzake. Alimjibu kwamba hajaiba kitu cha mtu na hatakwenda kusema mbele ya serikali kwamba hajui kitu anachokijua. Basi akakaa, akavuta karatasi, akaandika. Aliandika polepole, akainua kichwa kila baada ya neno kuona kama koplo yuko tayari na linalofuata. Alipomaliza chupa nane, akaandika na jina lake chini, na darasa lake la kisomo, bila kuulizwa.

Sajini akaweka cheti cha wizi kando ya ile karatasi. Herufi zilifanana, zisifananeje? Akamwambia koplo alete pingu. Koplo akasema pingu zimebaki kituoni, wakamfunga kwa kamba ya mbuzi.

Nilipata habari nikiwa dirishani. Jioni nilibeba chakula nikaenda kituoni, na sajini alinipokea kwa furaha ambayo sijaisahau wala sijaisamehe. "Binti yuko dirishani, baba anaandika," akasema. "Kesi imejipanga yenyewe." Nikamuuliza muhuri baba kautoa wapi. Akaniambia nisimfundishe kazi.

Nilitegemea kumkuta baba nyuma ya nondo. Nilimkuta kwenye veranda ya kituo, mbele ya meza, anaandika. Karani wa kituo alikuwa ameondoka kwenda vitani, sajini hakupenda kalamu, na koplo mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Majalada yalikuwa yamelundikana. Kwa hiyo polisi hawa, waliomkamata mtu kwa kosa la kujua kuandika, wakamkalisha awaandikie. Kila asubuhi koplo alimfungulia, akamwamkia shikamoo mzee, akampa kalamu na wino. Baba aliandika kitabu cha matukio. Alinakili maelezo ya mashahidi, ya wizi wa ng'ombe, ya ugomvi wa pombe. Na maelezo ya kesi yake mwenyewe, ya mganga dhidi yake, alinakili yeye, kwa mwandiko safi, bila kuruka nukta.

"Mganga anasema nini humo?" nilimuuliza.

"Anasema mimi ni mtu hatari," baba akasema, akapuliza wino ukauke. Nawaambia ukweli, alikuwa na furaha kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kuuhitaji mwandiko wake kabla ya hapo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko kamba ya mbuzi.

Huku hospitalini mganga hakuwa na adabu hata ya kupumzika. Wiki ya kwanza hazijaisha siku zake, penisilini mpya imeletwa juzi tu, kikaja cheti cha herufi za mviringo. Wiki ya pili vikaja viwili. Dawa nikatoa, kwa sababu mganga alikuwa amesimama nyuma yangu, lakini vyeti sikuvichoma kwenye msumari pamoja na vingine. Nilivificha ndani ya kanga. Mtu yuko mahabusu na vyeti vinaendelea kuja, na vina tarehe na muhuri. Nilidhani nimeshika ufunguo wa pingu, kama wangemfunga pingu.

Nikavipeleka kwa sajini. Nikaviweka mbele yake, kimoja kimoja. Aliviangalia kwa muda mrefu. Nikaona midomo inasogea, anasoma tarehe. Kisha uso ukamchangamka.

"Anaandikia humu humu ndani," akasema.

Akamwita koplo ampekue baba. Koplo akampekua mzee aliyekuwa amekaa mbele yake na kalamu mkononi, akamkuta na kalamu. Wakamkuta na wino. Sajini akaamuru viorodheshwe kama vielelezo, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuorodhesha, baba akaandika: kalamu moja, chupa ya wino moja, mali ya kituo. Alipofika mwisho akaweka kalamu chini, kwa sababu sasa ilikuwa kielelezo. Koplo alitazama pembeni. Yeye walau aliona haya.

"Afande," nikasema, "penisilini hizi zimetoka mwezi huu, na baba yangu hajatoka hapa. Nani kazipokea? Nani kagonga muhuri?"

Hapo nikaona kwamba ameelewa. Si kwamba alielewa wakati ule. Alikuwa ameelewa tangu kikombe cha kwanza cha chai. Ujinga wake wote ulikuwa koti tu la kujikinga. Akavikusanya vile vyeti vitatu, akanirudishia mkononi, taratibu, na akaongea bila kupandisha sauti.

"Hizi dawa nani kazitoa stoo?"

Nikavifunga vile vyeti kwenye fundo la kanga.

"Wewe. Nikivipokea hivi nitakuandika na wewe, na ni dawa za wapiganaji hizi, si mchezo. Mganga atasema alikukataza. Mtakwenda wote wawili, wewe na mzee. Au mzee akubali, hakimu aone uzee wake, akapumzike kidogo, na wewe uendelee kula mshahara. Jumatatu tuna mahakama. Mimi vyeti vyovyote sijaviona."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale na masikio yake yalikuwa mazima. Nikaanza kusema nitakwenda wilayani, nitakwenda kwenye chama, nitamtafuta yule ofisa wa jeshi. Baba akanikatiza kwa Kisubi, ili wasielewe. Akaniuliza kama kweli nilizitoa zile dawa kwa mkono wangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilijua. Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Akauliza tu wadogo zangu watasoma kwa mshahara wa nani. Akamgeukia sajini na kwa Kiswahili chake cha kanisani akaomba arudishiwe kalamu.

Maelezo ya kukiri aliyaandika yeye. Sajini alisema, baba akaandika: kwamba alivutwa na tamaa, kwamba alichonga muhuri kwa kandambili, kwamba binti yake hakujua lolote. Hilo la mwisho sajini hakulisema. Baba aliliongeza mwenyewe.

Jumatatu mahakamani mganga alikaa benchi la mbele, shati jeupe, mikono juu ya tumbo. Mashtaka yakasomwa, baba akasema ni kweli. Hakimu akapewa maelezo, akayasoma kimya, akavua miwani.

"Haya yameandikwa vizuri sana. Nani kaandika?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mheshimiwa."

Ndiyo mara pekee aliyoinua kichwa siku ile. Mshtakiwa kaandika jalada la kumshtaki, na hakuna mtu mle ndani, hakimu, mwendesha mashtaka, karani, aliyeona kwamba kuna jambo la ajabu. Sajini alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwandiko ule ni wa kituo chake.

Hakimu akauliza kama kuna ndugu wa mshtakiwa mwenye la kusema kabla ya hukumu. Nikasimama. Vile vyeti vitatu vilikuwa kiunoni, ndani ya fundo la kanga, na nilikuwa nimekwisha kulegeza fundo kwa vidole. Mganga hakugeuka. Sajini aligeuka, akanitazama kwa subira. Baba akanitazama pia, kwa chini chini.

"Sina, mheshimiwa," nikasema, nikakaa.

Akapewa miaka miwili. Alitolewa mlango wa nyuma na koplo, ambaye alimshika mkono kwenye ngazi asijikwae.

Polisi wale nawadharau mpaka leo, na mganga nilimdharau mpaka alipokufa na baada ya hapo. Lakini wao hawakuwa na baba kizimbani. Asubuhi iliyofuata saa mbili nilifungua dirisha. Foleni ilikuwa fupi. Mtu wa tatu alinyoosha mkono na kipande cha daftari, herufi kubwa za mviringo, muhuri haujakauka, penisilini chupa sita. Nikaingia stoo, nikatoa sita.